Wimbo Ule Unaimbiwa Nani? Kuijengea Jukwaa Opera ya Vasco da Gama

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma.

Hakuna aliyekulia Malindi asiyeijua Nguzo ya Vasco da Gama. Lakini ni wachache walioambiwa kwamba Mreno huyo ni mhusika mkuu wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, tena mojawapo ya zile kubwa za karne ya 19. Inaitwa L'Africaine. Muziki ni wa Giacomo Meyerbeer, maneno ni ya Eugène Scribe, na wote wawili walikuwa wameshafariki ilipoonyeshwa Paris mara ya kwanza, tarehe 28 Aprili 1865. Kazi yangu ni kubuni mandhari ya jukwaa. Nataka kuwaeleza ningejenga nini lau opera hii ingeletwa hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Vasco amewanunua sokoni watumwa wawili, Sélika na Nélusko, asijue kwamba Sélika ni malkia. Huko Lisbon, gerezani, Sélika anamwonyesha kwenye ramani njia ya kufika kwao. Baadaye Nélusko anakabidhiwa uongozi wa meli ya Wareno, naye anaipeleka mwambani makusudi. Vasco anaokoka, anaozwa Sélika, kisha anarudi kwa mpenzi wake wa kwanza, na malkia anajiua chini ya mti wa sumu.

Mtaona kuna jambo tunalolijua hapo. Aprili 1498 Vasco alipewa rubani hapa Malindi, akaondoka tarehe 24, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshafika Kalikut, Bara Hindi. Katika opera na katika historia, anayeijua njia si Mreno.

Jiografia ya Scribe ni vurugu tupu. Jina la opera ni la Afrika, watu wake wanamwabudu Brahma, na mti wao wa sumu unaota pwani za Karibi. Mafundi wa zamani waliyachora yote hayo kwenye turubai: hekalu, minazi, jua. Wa sasa wanakimbia turubai, nao wana sababu. Mwaka 1951, pale Bayreuth, Ujerumani, kwenye jumba la opera za Richard Wagner, mjukuu wake Wieland Wagner aliondoa karibu kila kitu jukwaani akaiachia taa kazi. Mwaka 1976, mahali pale pale, Patrice Chéreau na mbunifu wake Richard Peduzzi waliuweka mto Rhine wa opera ya Wagner kwenye bwawa la umeme. Watazamaji wakazomea, na miaka michache baadaye wakaipigia makofi kazi ile ile. L'Africaine nayo ilipelekwa anga za juu mwaka 2018 huko Frankfurt: mwongozaji Tobias Kratzer alimfanya Vasco mwanaanga, na watu wa Sélika wakawa viumbe wa sayari nyingine. Ni wazo lenye akili, kwa sababu linamrudishia Mjerumani wa leo hofu ya bahari isiyojulikana. Lakini mimi linaniudhi. Limetuacha tukitazama kutoka ndani ya chombo cha mgeni, kama zamani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ninapoanza kuchora ni: mtazamaji amesimama wapi? Katika tendo la nne Vasco anaimba aria yake mashuhuri, yaani wimbo wa mtu mmoja, anaisifu nchi kuwa ni pepo iliyotoka majini, kisha anaiambia dunia hiyo mpya kwamba ni mali yake. Sasa fikirini. Mwimbaji wa opera haimbi na maikrofoni. Lazima aelekee mbele, amwone mwongoza okestra, sauti ivuke vyombo vyote vile imfikie aliyekaa mstari wa mwisho. Ile nchi anayoisifu basi haiko nyuma yake kwenye turubai. Ni nyinyi mliokaa! Ningewasha taa za ukumbini kidogo wakati huo, akuoneni, nanyi muonane. Aimbe "ni wangu" akiwatazama wenye mji usoni.

Na nyuma yake ningejenga daka, lile la nyumba za mawe za Lamu, lenye baraza mbili na mlango wa nakshi uliofungwa. Mgeni wetu huanzia hapo, na kuingia ndani kabisa si haki ya kila mtu. Vasco anadai nchi nzima na hajavuka kizingiti. Kuna faida ya ufundi pia: ukuta mgumu ulio karibu humsaidia mwimbaji kwa kuirudisha sauti mbele, ilhali pazia zito huimeza. Matumbawe halisi yana uzito mno, kwa hiyo ni mbao na plaiwudi nene iliyopakwa chokaa.

Meli ya tendo la tatu ndiyo iliyowapa mafundi shida tangu 1865, maana wote wamo humo: mabaharia, wanawake, wenye kusali. Nisingejenga meli nzima. Sitaha moja tu iliyoinama, omo likiwaelekea nyinyi, ili Nélusko anapouelekeza usukani mwambani, mwamba uwe huku mlikokaa.

Onyesho la mwisho sitaki mti. Linatanguliwa na muziki ambamo nyuzi zinapiga sauti moja tu, bila kupambwa. Ukiweka mti wa plastiki baada ya sauti ile umeuharibu. Mpeni Sélika jukwaa tupu na mwanga wa upande mmoja, aimbe.

Kielelezo kiko pale mezani, kwa kipimo cha 1 kwa 25. Mafundi wa majahazi mliopo, nawaomba muangalie mwinamo wa ile sitaha kabla ya kuondoka. Kwaya nzima itasimama juu yake, na nataka kusikia kwenu kama miguu yao itashika.