Kamba wekundu wa akwariamu: usiwatie siku unayojaza maji

Haya jamani, karibuni. Leo ni zamu ya hawa kamba wadogo wekundu wa maji baridi, wengi wanawaita cheri, kisayansi ni Neocaridina davidi. Mkubwa kabisa anafika kama sentimita 3 hivi kwa hiyo tangi la lita 20 linawatosha, ila usikimbilie kuwanunua, ngoja kwanza.

Weka changarawe, filta ya sponji ile inayoendeshwa na pampu ya hewa, sababu hizi zingine zinavuta vitoto vinaishia ndani, alafu jaza mosi ya kutosha, yale majani laini ya majini. Maji ya bomba tia dawa ya kutoa klorini. Sasa hapa ndo wengi wanafeli. Unaona maji maangavu, unajua mambo tayari, unatia kamba, siku ya tatu unaanza kuokota maiti. Kumbe bakteria wa kushughulikia amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, bado hawajazaliana. Liache tangi wiki 4 mpaka 6 bila kamba, filta inazunguka, unatupia punje chache za chakula cha samaki ili hao bakteria wapate kitu, unapima maji mpaka amonia iwe 0 na nitriti, sumu nyingine inayotokana na hiyo amonia, nayo 0. Utandu wa kijani kwenye kioo usiufute, hicho chakula chao. Mi awamu yangu ya kwanza niliwatia wiki ya kwanza, sitaki hata kuongelea.

Haya wamefika. Usiwamwage! Watie kwenye ndoo na maji yao waliyokuja nayo, ndoo iwe chini kuliko tangi, chukua mpira mwembamba wa hewa, ncha moja iingie tangini, vuta kidogo na mdomo, maji yakianza kushuka funga fundo kwenye mpira alafu kaza taratibu... ngoja nisogeze kamera... mnaona, tone, tone, tone, kama moja au mawili kwa sekunde. Maji ndooni yakifika mara tatu ya yale ya mwanzo, saa moja mpaka mbili hivi, wachote na wavu. Yale ya ndoo mwaga nje.

Joto nyuzi 20 hadi 26 freshi tu. Kila wiki badilisha kama asilimia 10 ya maji, sio nusu tangi, mabadiliko ya ghafla yanawaua kuliko uchafu. Na dawa za samaki soma lebo, yenye shaba hata usiisogeze karibu.

Chakula kidogo sana, siku moja moja unaruka, kikibaki baada ya saa mbili tatu kitoe.

Kuna asubuhi utakuta kamba kalala chini, kapauka kama plastiki. Usipaniki, angalia vizuri, ni gamba tu, ndani hamna mtu. Liache, watalila wapate madini. Mwenyewe kajificha mpaka jipya likomae. Akiwa jike mkubwa, utaona madume yanaogelea tangi zima kama yamechanganyikiwa, yanamtafuta yeye, na siku chache mbele anakuwa na mayai 20 au 30 chini ya tumbo, anayapepea na vimiguu muda wote.

Hesabu kama mwezi. Mayai yakipotea chukua tochi, mulika kwenye mosi, vitoto vina kama milimita 2 na havina rangi. Huyu hapa, mmemuona? Hapana, juu kidogo. Eeh, huyo.