Somo la Lishe Lifike Mezani: Mhadhara kwa Walimu

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa lishe shuleni, na nitaanza na jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia. Yupo mwanafunzi anayetaja makundi yote ya vyakula bila kukosea, anayejua kwamba protini hujenga mwili na wanga huupa nguvu, na anayepata alama za juu katika mtihani. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, hununua kinywaji cha sukari na pakiti ya vitu vya kukaanga, kama alivyofanya jana na juzi. Mwanafunzi huyo hana upungufu wa akili wala hatudharau. Somo tulilompa lilimfundisha kutaja, halikumfundisha kuchagua. Kwa maoni yangu, somo la lishe linapaswa kuanzia pale mtoto anapoamua ale nini, kiasi gani na pamoja na nini. Majina ya virutubishi yaje baadaye, yakimsaidia kueleza jambo ambalo ameshaliona.

Chukueni mfano wa madini ya chuma, kwa kuwa sioni mada nyingine inayomgusa mwanafunzi kwa karibu zaidi. Mwili hutumia chuma kutengeneza himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mtoto aliyepungukiwa na chuma huchoka upesi na hushindwa kuzingatia masomo, na mara nyingi huitwa mvivu kabla mtu yeyote hajaifikiria damu yake. Wasichana waliokwisha kuvunja ungo wanahitaji chuma zaidi kwa sababu ya hedhi: viwango vinavyotumika Marekani humwekea msichana wa miaka 14 hadi 18 miligramu 15 kwa siku, na mvulana wa umri huohuo miligramu 11. Chuma kinachotoka kwenye nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko kile cha maharage, dengu na mboga za majani, na familia nyingi hazimudu nyama kila siku. Mwalimu akiishia hapo, atakuwa amemwachia mtoto huzuni tu. Lakini vitamini C ikiliwa katika mlo uleule husaidia chuma cha mimea kufyonzwa, ilhali chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Kwa hiyo chungwa likiliwa pamoja na maharage, na chai ikisogezwa mbele saa moja au mbili baada ya mlo, mwili hufaidika zaidi na chakula kilekile kilichopo nyumbani. Hili ndilo somo ambalo mtoto anaweza kulitekeleza jioni ileile, na kumweleza mama yake sababu.

Historia nayo inatuonya kwamba kujua hakutoshi. Mwaka 1747, James Lind, daktari katika jeshi la majini la Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa nyongeza yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili wakapewa machungwa na malimau. Hao wawili walipata nafuu upesi kuliko wenzao wote. Hata hivyo jeshi hilo lilianza kuwagawia mabaharia maji ya limau kwa utaratibu mwaka 1795 tu, yaani miaka 48 baadaye. Ningependa wanafunzi wakisikie kisa hiki chote, pamoja na ucheleweshaji wake, kwa sababu kinawaonyesha jinsi ushahidi unavyopatikana na jinsi unavyoweza kukaa bila kumfikia mlaji.

Kuhusu sukari, mwalimu wa lishe na mwalimu wa hisabati wafanye kazi pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi za matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni kilokalori 200; na kwa kuwa gramu moja ya sukari hutoa takriban kilokalori 4, mpaka wake ni gramu 50. Wanafunzi walete makopo na pakiti tupu, wasome lebo, wakokotoe wenyewe. Watakuta kwamba kopo la mililita 330 la soda ya kawaida huwa na gramu zinazokaribia 35. Watakaposoma orodha ya viambato, wajue kwamba kinachotajwa kwanza ndicho kilichotiwa kwa uzito mkubwa zaidi. Mwanafunzi aliyeipata hesabu hiyo kwa kalamu yake haihitaji hotuba ya mwalimu.

Hesabu, hata hivyo, haibadilishi ulimi. Watoto wengi hukikataa chakula wasichokizoea, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaweza kukipenda baada ya kuonjeshwa mara nyingi, pengine mara nane hadi kumi na tano, bila kulazimishwa. Wengi wetu hukata tamaa katika jaribio la tatu. Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba chakula kinachotolewa kama tuzo huzidi kupendwa, na ndiyo maana nawasihi kwa dhati tuache kuwazawadia wanafunzi peremende wanapofaulu. Vilevile duka lililo ndani ya shule lisipinge kile kinachofundishwa darasani, na maji safi ya kunywa yapatikane bure.

Limebaki jambo ambalo nalijali kuliko yote niliyoyasema. Tusiwapime wanafunzi uzito mbele ya wenzao, tusiutolee mfano mwili wa yeyote, wala tusikiite kibaya chakula ambacho mtoto amepewa nyumbani, kwa kuwa si yeye aliyekinunua, na aibu haijamfundisha mtu kula vizuri. Matatizo ya ulaji hujitokeza sana katika umri wa balehe, na maneno ya mtu mzima anayeheshimiwa yanaweza kuyachochea. Mkiona mwanafunzi anaruka milo, anajificha wakati wa kula, au anazungumzia mwili wake kwa chuki, mwiteni faraghani, msikilizeni bila kumhukumu, kisha mumshirikishe mzazi na mhudumu wa afya mapema, wakati msaada una nafasi kubwa zaidi ya kufaulu.