"Groggy": kutoka ulevi mpaka mawenge

Haya jamani tuanze, waliosimama mlangoni sogeeni mbele viti vipo. Leo nina neno moja tu la Kiingereza, "groggy", na nimelichagua makusudi manake wengi wakifungua kamusi wanakuta kulewa na kizunguzungu zimekaa pamoja, wanabeba ya kulewa wanaondoka nayo, kumbe hiyo ilishachakaa zamani.

Twende baharini. Karne ya 18 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa linawapa mabaharia pombe kila siku kama posho, na kwenye meli za Karibiani ilikuwa ramu, nusu painti kwa kichwa, kavu kabisa. Sasa mtu kaigida yote mkupuo mmoja halafu unamwambia apande mlingoti akafunge matanga, unategemea nini? Agosti 1740 admeri Edward Vernon akatoa amri, kila nusu painti ya ramu itiwe kwoti moja ya maji, yaani maji mara nne, na igawiwe mara mbili kwa siku. Tena ichanganywe hadharani juu ya sitaha, kwenye pipa maalumu, mbele ya ofisa wa zamu, ili asipunjwe mtu. Hapo kwenye pipa ndo pananifurahisha mimi, walijua kabisa baharia akihisi kaibiwa ramu yake patachimbika.

Huyo Vernon alikuwa anapenda kuvaa joho la kitambaa kizito kinaitwa grogram, hariri na sufu, basi mabaharia wakambandika jina "Old Grog", na ile ramu ya maji nayo ikawa "grog". Aliyeinywa akapitiliza ndo akaitwa "groggy". Na msidhani ile amri ilimaliza mambo, ramu ni ileile, imeongezewa maji tu, na posho yenyewe hawakuifuta mpaka tarehe 31 Julai 1970!

Baadaye neno likaanza kuhama. Mlevi mtazameni, miguu haimtii, macho mazito, unamuuliza kitu jibu linakuja umeshasahau swali. Watu wakaona mbona wasiokunywa nao huwa hivi, wakamwita hivyo farasi mwenye miguu dhaifu, wakaja kwa bondia. Bondia kala konde la taya, hajaanguka ila kang'ang'ania kamba, refa anamuonyesha vidole anaangalia pembeni, huyo ni "groggy" na hajaonja hata tone. Pombe ikatoka kwenye neno, kuyumba kukabaki.

Siku hizi utalisikia kwa mtu aliyelala mchana akapitiliza, aliyetoka kwenye nusukaputi, aliyemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi, aliyeshuka kwenye ndege ya usiku kucha. "I feel groggy", yaani nina mawenge. Kwa hiyo bosi wako akikuambia hivyo asubuhi usianze kumnusa mdomo! Inaweza ikawa hangova pia, sikatai, ila hapo anasema kichwa kilivyo sasa hivi, hasemi kalewa. Na kama unataka chakari, bwii, tilalila, usije huku kabisa, huko kuna "plastered", kuna "wasted", na hayo ni ya kijiweni.

Naam dada, swali. Anauliza kwenye ripoti ya ajali aandike nini. Kama dereva alikuwa kalewa andika "drunk" au "intoxicated", ukiandika "groggy" msomaji ataelewa dereva alikuwa na usingizi au kapigwa kichwa, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na yule kaka anayeuliza kuhusu "grog" yenyewe, bado lipo, Australia ndo wanalitumia sana kwa pombe yoyote ile, bia, waini, chochote, maji yametiwa hayajatiwa hawajali.