Ndoo ya Maji Baridi: Mhadhara Kuhusu Farasi na Kiangazi

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, nanyi masaisi mliosimama kule nyuma, karibuni. Viti vya mbele bado viko wazi. Sogeeni tu, leo simsimamishi mtu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa kijana, mwaka wa kwanza kazini, na jua la saa nane mchana lilikuwa linachoma kwelikweli. Akaletwa farasi jike mmoja kutoka mazoezini. Mbavu zinapanda na kushuka, matundu ya pua yamepanuka mpaka unaona wekundu wa ndani, mishipa imemtutumka usoni na shingoni kama kamba. Mimi mkononi nina ndoo ya maji ya kisima, baridi. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akanidaka mkono: "Weka chini hiyo! Ukimmwagia maji baridi naye yuko moto hivyo, misuli inakaza, umemuua." Nikaiweka chini. Tukamtupia shuka mgongoni, tukamtembeza polepole, tukampa mafundo matatu ya maji kisha tukamnyang'anya ndoo, maana tuliogopa msokoto wa tumbo. Haukupita muda akaanza kuyumba miguu ya nyuma. Hakufa. Daktari wa mifugo aliwahi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinua ndoo ileile niliyoiweka chini na kummwagia yote.

Yule mzee hakuwa mjinga. Alijua farasi kuliko ninavyowajua mimi leo. Alirithi hofu, akanirithisha na mimi. Basi mengi nitakayosema ni kubishana na hofu hiyo. Hayo mengine ya kiangazi nitayagusa njiani.

Joto la farasi linatoka wapi? Wengi tunanyoosha kidole juu, kwenye jua. Jua lina fungu lake, sikatai, lakini jiko lenyewe limo ndani. Msuli unapofanya kazi, ni kama robo tu ya nguvu inayochomwa, au chini ya hapo, inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Sasa huyu ni mnyama wa kilo 500, na ngozi ya kutolea joto lote hilo ni ndogo ukiipima na ukubwa wa mwili. Kikombe cha maji moto hupoa mara moja. Pipa la maji moto utalikuta na uvuguvugu baada ya saa nyingi. Sisi ni kikombe, yeye ni pipa. Ndiyo maana mpandaji anashuka, anajipepea, dakika 10 yuko sawa, anadhani na farasi yuko sawa. Kumbe joto la ndani la farasi linaweza kuendelea kupanda hata baada ya kusimama.

Anachokitegemea ni jasho. Akifanya kazi ngumu kwenye joto anaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Mmeliona lile povu jeupe linalojaa katikati ya mapaja na chini ya hatamu? Ule si uchafu. Jasho la farasi lina protini iitwayo latherini, inayofanya kazi kama sabuni: inalitandaza jasho juu ya manyoya yenye mafuta ili likauke upesi. Na kukauka ndiko kunakopoza. Jasho linalodondoka ardhini limepotea bure. Siku hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki, na farasi anabaki ameloa huku ndani anaungua.

Kuna hesabu ya zamani ya wapanda farasi wa Marekani ambayo mimi huitumia kila asubuhi. Chukua joto la hewa kwa Farenhaiti, ongeza asilimia ya unyevunyevu. Jumla ikiwa chini ya 130, fanya kazi yako. Ikipita 150, kuwa mwangalifu, hasa kama unyevu ndio uliochangia zaidi. Ikifika 180, mwache farasi kivulini. Nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti. Unyevu ukiwa 70, tayari uko kwenye 156, na wala hatujaiita siku hiyo ya joto kali. Hesabu yenyewe ni ya kukisia, haijui jua wala upepo, lakini ni afadhali kuliko kutoa mkono dirishani.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi tunapoteleza. Jasho letu sisi binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu. Tukitoka jasho tunapoteza maji zaidi, damu inabaki na chumvi nyingi, ubongo unapiga kelele: kunywa! Jasho la farasi lina chumvi sawa na damu yake, au hata kuizidi. Anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, kwa hiyo damu haizidi chumvi, na ubongo haupigi kelele. Ndiyo maana utamletea ndoo farasi aliyekauka, ainuse, ageuze shingo. Saisi anasema, "Hana kiu huyu." Kweli hana kiu. Lakini maji yamemwishia.

Dawa yake ni chumvi ya kawaida. Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji karibu gramu 30 kwa siku, na anayetoka jasho sana anahitaji zaidi. Jiwe la chumvi tunalotundika bandani ni zuri, ila ulimi wa farasi ni laini, si kama wa ng'ombe, na wako wanaolilamba mara mbili wakalisahau. Mimi humchanganyia kwenye chakula. Na kumpa chumvi bila kumwekea maji ni hatari. Usimpe dawa za chumvi farasi aliyekwisha kukauka kabla hujamwita daktari.

Maji yenyewe? Siku ya kawaida farasi wa ukubwa huo hunywa lita 25 au 30. Kiangazi anaweza kufika 50 na kupita, na jike anayenyonyesha usiseme. Ndoo mbili asubuhi na mbili jioni hazitoshi, ndugu zangu, hata kama ndivyo tulivyozoea. Na ile kanuni ya kumnyima maji akiwa moto, iacheni. Akimaliza kazi mwache anywe. Farasi anayenyimwa maji ndiye anayepata msokoto wa tumbo, kwa sababu chakula kikavu hugandamana kwenye utumbo mpana. Osheni na mahori ya maji. Tumbukiza mkono mpaka chini. Ukigusa utelezi, mwaga, sugua, jaza upya. Tena pimeni maji ya bomba lililolala juani: ya kwanza kutoka yanaweza kuchoma mkono.

Turudi kwenye ndoo yangu. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 kulikuwa na wasiwasi mkubwa duniani kwamba farasi wangeanguka kwa lile joto la unyevu. Wanasayansi wakakaa miaka kadhaa wakipima. Waliwakimbiza farasi kwenye joto, wakawamwagia maji baridi mwili mzima, hata kwenye misuli mikubwa ya matako ambayo wazee walituambia tusiiguse. Misuli haikukaza. Farasi walipoa haraka, wakatembea vizuri zaidi. Atlanta kwenyewe ziliwekwa feni kubwa zinazopuliza ukungu wa maji, na mbio za nyika zikafupishwa. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, mbio za nyika zilianza asubuhi na mapema kabla jua halijakolea.

Namna ya kumwaga ni hivi. Mpeleke kivulini, ikiwezekana penye upepo. Toa tandiko na kila kilichomfunika. Watu wawili, mmoja kila upande, mwaga kuanzia shingoni mpaka mapajani, usisimame. Wako wanaomwaga ndoo moja kisha wanachukua kikwangulio, wanakamua maji, wanaanza tena. Kila unaposimama kukamua, umeacha kumpoza. Maji mapya ya baridi yanayasukuma yale yaliyokwisha kupata moto, basi, hakuna haja ya kukwangua. Na msimwekee taulo lililoloa shingoni mkaliacha. Baada ya dakika chache linapata joto na linakuwa blanketi. Akiwa anayumba, hataki kusogea, au kipimajoto kinasoma zaidi ya nyuzi 41, mtu mmoja apige simu kwa daktari huku wengine wanaendelea kumwaga. Msisimame kumsubiri daktari.

Nimetaja kipimajoto. Naomba kuona mikono: nani hapa anaijua namba ya farasi wake akiwa mzima? Watatu. Wanne. Haya. Farasi mzima aliyepumzika ana nyuzi 37.5 hadi 38.5, moyo unadunda mara 28 hadi 44 kwa dakika, na anapumua mara 8 hadi 16. Lakini nafasi hiyo ni pana. Tuseme farasi wako ana 37.6 kila asubuhi. Siku ukimkuta na 38.5 kitabu kitasema ni mzima, wewe utajua kuna jambo. Mpime wiki nzima akiwa hana tatizo, uandike mlangoni kwa chaki.

Yuko pia farasi asiyetoka jasho. Amefanya kazi, wenzake wameloa, yeye mkavu kama karatasi na anatweta. Watu humsifu kuwa mvumilivu. Huo ni ugonjwa, huwapata hasa wanaoishi kwenye joto lenye unyevu, na farasi huyo hafai kabisa kufanya kazi mchana. Vivyo hivyo farasi aliyetoka sehemu za baridi: mpe wiki mbili hadi tatu mwili uzoee, kazi iongezwe kidogokidogo.

Mtaniuliza kwa nini nataka kazi ifanywe asubuhi wakati jioni nako kuna ubaridi. Kwanza, ardhi na kuta za banda bado zinatema joto la mchana. Pili, usubi. Hawa wadudu wadogo wasioonekana vizuri hutoka jua linapozama, na ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi kati ya wale wasio na kinga. Na jina lisiwadanganye. Mwaka 1987 uliingia Hispania pamoja na pundamilia waliotoka Namibia, na nchi ile ilihangaika nao mpaka 1990. Palipo na ugonjwa huu, chanjo ifanywe mapema na farasi walale ndani kuanzia machweo. Usubi ni dhaifu wa kuruka. Feni inayopuliza sawasawa bandani inawashinda. Wako farasi wengine ambao mate ya usubi huwawasha tu, lakini huwawasha mpaka wanajikuna mkia na shungi kwenye nguzo na kubaki na vidonda. Hao nao ni wa kulala ndani, au wavishwe shuka la wavu.

Jambo dogo ninalolipenda: inama, utazame manyoya ya miguu ya mbele, upande wa ndani, chini ya goti. Ukiona vidoadoa vya manjano vilivyoganda kila kimoja kwenye unywele wake kama mbegu ndogondogo, hayo ni mayai ya nzi. Farasi akijilamba, viluwiluwi vinaingia mdomoni na kuishia tumboni, vinang'ang'ania huko miezi kadhaa. Kisu butu kinayakwangua. Ni kazi ya dakika tano, na farasi wengi huipenda kwa sababu wanadhani unawakuna.

Mengine kwa haraka. Farasi mwenye pua ya waridi huungua jua; mpake mafuta ya kukinga jua ya watoto. Akiungua sana sehemu nyeupe peke yake, muulizeni daktari habari za ini na majani anayokula. Trela lililosimama juani ni tanuri. Safari ianze alfajiri, na mkisimama njiani asimame kivulini, madirisha wazi. Nyasi zilizochipua upya baada ya ukame zina sukari nyingi. Farasi mnene akiachiwa humo siku nzima atavimba ndani ya kwato, na ukishaona anasimama ameegemea visigino, umechelewa.

Nimesema vya kutosha, na nje kumeshaanza kupata joto. Yule farasi wa kijivu amefungwa chini ya mti, hajafanya kazi leo. Kipimajoto hiki hapa. Mnaona kina uzi na kibanio cha kubania mkiani? Kile cha kwanza nilichonunua hakikuwa na uzi, na msiniulize kilikwenda wapi. Haya, twendeni. Nani anaanza?