Kidonda Kisichosikia Dawa ya Tyubu

(Mhadhara kwa wauguzi na wauza dawa, Moshi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Habari za vidonge mmeshazisikia hadi mmechoka, kwa hiyo leo nazungumzia tyubu, yaani antibayotiki ya kupaka, ile dawa ambayo watu hata hawaihesabu kuwa antibayotiki.

Tuanze na pua. Katika kila watu kumi humu ukumbini, kama watatu wamebeba bakteria aitwaye stafilokokasi puani, na hawaumwi chochote. Msitazamane hivyo, huenda na mimi nimo. Tatizo linakuja mtu huyo akipelekwa tieta kupasuliwa: bakteria wanashuka na mkono hadi kwenye mshono. Ndiyo maana wenzetu huwapaka wabebaji mupirosini, antibayotiki ya tyubu, puani mara mbili kwa siku, kwa siku tano, na kuwaogesha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta maambukizi ya stafilokokasi hospitalini ni asilimia 3.4 kwa waliofanyiwa hivyo, na 7.7 kwa wasiofanyiwa.

Dawa nzuri, basi. Ilianza kutumika Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1987 usugu, yaani bakteria wasiosikia dawa hiyo, ukaripotiwa hukohuko.

Inafanyaje kazi? Bakteria ana kimeng'enya kinachoshika isoleusini, kimoja cha vijenzi vya protini, ili itumike kutengeneza protini. Mupirosini inawahi siti ya isoleusini, kama abiria aliyekalia siti ya mwenzie kwenye Hiace ya Arusha, na bakteria anakosa protini. Usugu mdogo ni pale siti inapobadilika umbo kidogo. Usugu mkubwa ni balaa lingine: bakteria anapata jeni iitwayo mupA, inayompa kimeng'enya cha pili ambacho dawa haikikalii kabisa. Jeni hiyo husafiri kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachojitegemea, na plasmidi hupitishwa kwa bakteria jirani, mara nyingine pamoja na usugu wa dawa nyingine. Maabara utaiona kwa macho: sahani imeota bakteria hadi kwenye ukingo wa kidisiki cha dawa, hakuna duara tupu lisilo na bakteria hata la unywele.

Wauza dawa, hapa nawalenga ninyi. New Zealand waliruhusu mupirosini kuuzwa bila cheti kuanzia mwaka 1991. Kufikia 1999, Auckland, asilimia 28 ya stafilokokasi waliopimwa walikuwa sugu. Wakaibana, mwaka 2013 ilikuwa 11. Lakini watu walihamia asidi fusidiki, antibayotiki nyingine ya tyubu, na usugu wake ukapanda kutoka asilimia 17 hadi 29. Kwa hiyo kubadilisha tyubu tu si dawa, ni kuhamisha tatizo.

Na zile krimu za mseto, zenye antibayotiki, steroidi na dawa ya fangasi ndani ya tyubu moja? Mimi sizipendi. Mama anapaka mtoto kila kipele, wiki baada ya wiki, na bakteria wa ngozini wanaizoea dawa.

Swali la dada pale nyuma: jipu je? Jipu lililoiva linapasuliwa, usaha unatoka, kidonda kinasafishwa. Krimu ya juu haifiki usahani. Akiwa na homa, au wekundu unasambaa, mpeleke kwa daktari leo leo. Na kidonda cha wodini kisichopona, chukueni usaha upelekwe maabara kabla ya kufungua tyubu nyingine.