Ekzosi Inavyoliwa na Chumvi, na Namna ya Kuinusuru

Ndugu zangu madereva wa bodaboda, na dada zangu ninaowaona pale nyuma, asanteni kwa kuacha abiria asubuhi hii. Nimeombwa nizungumzie ekzosi. Wengi huikumbuka siku ikitoboka, mtaa mzima ukisikia. Nataka tuitazame kabla ya hapo, maana bati likishaliwa na kutu hata fundi mzuri wa kuchomelea hana pa kushika.

Sisi wa Kigamboni tuna adui ambaye dereva wa Dodoma hana. Upepo wa bahari unabeba chumvi, inatua kwenye chuma, na chumvi huvuta unyevu hata siku ambazo mvua haijanyesha. Halafu kuna wenzetu wanaobeba samaki kutoka soko la Feri. Hebu inameni mtazame pikipiki zao. Tenga limefungwa nyuma, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika mpaka juu ya mtungi wa ekzosi, ile sehemu nene ya nyuma. Kwa joto lile maji yanakauka papo hapo, chumvi inabaki. Kesho linadondoka tone jingine palepale. Ndiyo maana kutu yao haikuenea kila mahali. Imechora mstari, na mstari huo ndiyo njia ya maji. Kabla hujanunua rangi, tandika nailoni nzito chini ya tenga, uikunje pembeni ili maji yamwagike mbali na bomba.

Hiyo ni kutu ya nje. Ya ndani ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu haionekani. Petroli ikiungua inatoa maji: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Injini ikiwa imepata moto sawasawa, mvuke unapita wote. Lakini ukiwasha, ukamsogeza abiria hapo kwenye kona, ukazima, mvuke unageuka maji humo ndani, unachanganyika na asidi za moshi, unatuama chini ya mtungi. Ekzosi inaanza kuoza kutoka ndani wakati juu bado inang'aa. Mitungi mingi ina kitundu kidogo kwa chini, kimewekwa na kiwanda ili maji hayo yatoke. Kuna watu wakikiona wanadhani imetoboka, wanakimbilia kwa fundi kizibwe. Jamani, msikizibe! Kizibueni kwa waya mwembamba. Na siku ya safari fupi fupi, jitahidini ipatikane moja ndefu ya kuipasha ekzosi yote.

Sasa kuosha. Acha ipoe kwanza. Maji yakipigwa kwenye bomba la moto, rangi inababuka na chuma kinashtuka. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa cha rangi kali, na uache kipande kining'inie nje ili usije ukawasha kikiwa bado kimo. Tumia sabuni laini na brashi laini. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yenye klorini, isiguse chuma chako kabisa. Visima vingi vya ufukweni maji yake yana chumvi, kwa hiyo yaonje. Ukiyasikia chumvi, osheni tope tu kwa hayo, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji yasiyo na chumvi, hata kama ni ndoo moja ya kununua. Kisha toa kitambaa, washa, iache ingurume mpaka ikauke.

Kwa ekzosi ya kromu, chukua karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ikunje, iloweshe, usugue taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo inaondoa kutu bila kuchuna. Stilwaya nene na msasa vinachuna, na tabaka la kromu ni jembamba mno, likishatoka halirudi. Mfuko wa nailoni ukiyeyukia kwenye bomba, lipashe moto kidogo, zima, kwangua kwa kijiti cha mbao.

Ekzosi nyeusi inataka rangi ya kuhimili joto. Kopo lake huandikwa nyuzi 600 au zaidi. Piga msasa mpaka chuma kitakate, futa kwa thina, puliza matabaka membamba. Rangi ikikauka, washa injini dakika chache, zima, iache ipoe, rudia kwa muda mrefu zaidi. Bila moto huo rangi haikomai.

Oili chafu acheni kupaka. Kwenye shingo, pale karibu na injini, inaungua na kufuka moshi. Kwenye mtungi inanasa vumbi lenye chumvi, na inachafua nguo za abiria.

La mwisho ni lile bati la kukinga mguu. Skrubu zake zinashika kutu, linaanza kugonga, mwenye pikipiki analing'oa. Akija mama na mtoto, mguu wa mtoto unaangukia kwenye chuma cha moto. Nawaomba sana, lirudisheni leo. Pakeni grisi ya kuhimili joto kwenye nyuzi za skrubu ili zifunguke siku mkizihitaji.

Haya, tutoke nje. Tutaanza na pikipiki zilizopoa. Mliofika sasa hivi, wekeni zenu kivulini zisubiri.