Cha-cha-cha Inaanzia Wapi?

MWANAIDI: Haya jamani, karibuni tena. Leo Sudi kapanda ngazi za studio kashikilia ukuta.

SUDI: Mapaja, dada, mapaja! Si unajua mimi ndiye mpambe wa bwana harusi? Kamati imeamua tuingie ukumbini na ile dansi ya cha-cha-cha. Mwalimu kaletwa kabisa.

MWANAIDI: Wewe? Unayekaaga jirani na meza ya chakula?

SUDI: Huyo huyo. Siku ya kwanza hakuna muziki, makofi tu. Mguu wa kushoto mbele, uzito urudi kwenye wa kulia, halafu vihatua vitatu vya haraka kushoto: pembeni, kutanisha, pembeni. Kisha wa kulia unarudi nyuma, uzito kwa wa kushoto, vitatu tena kwenda kulia.

MWANAIDI: Na mwanamke kinyume chako, anaanza kurudi nyuma na wa kulia.

SUDI: Enhe. Sasa kasheshe iko nyumbani. Mimi nakaa juu, mama mwenye nyumba chini. Saa nne usiku niko zangu, mbele, rudi, cha-cha-cha. Mara nasikia go! go! Mpini wa dekio huo, anagonga dari.

MWANAIDI: (anacheka) Haki yake!

SUDI: Subiri. Nikapunguza mwendo, na yeye akapunguza. Yule mama ana mapigo! Tena anagonga kwenye moja, yaani pigo la kwanza kati ya yale manne ya muziki, palepale ninapokanyaga mbele.

MWANAIDI: Basi mmepotea wote wawili. Ile hatua ya mbele inakanyagwa kwenye mbili. Hesabu ni "mbili, tatu, nne-na-moja". Cha ya mwisho ndiyo inayoangukia moja.

SUDI: Mwalimu wetu anahesabu "moja, mbili, cha-cha-cha", na tunaenda vizuri tu.

MWANAIDI: Mnaenda, ila wimbo mmeuacha nyuma. Enrique Jorrín, yule mpiga fidla wa Kuba, miaka ya 1950 mwanzoni, inasimuliwa kwamba jina alilitoa kwenye viatu vya wachezaji, vikikwaruza sakafu mara tatu. Mikwaruzo hiyo ina mahali pake ndani ya wimbo, mdogo wangu. Huihamishi kwa sababu kamati ina haraka.

SUDI: Sawa, Kuba. Na mwaka 1960, Kabasele wa Kongo na bendi yake ya African Jazz walipotoa "Indépendance Cha Cha", wazee wetu waliocheza wimbo ule nani aliwahesabia mbili?

MWANAIDI: Kutohesabiwa siyo kuanzia moja! Sikio lao lilikuwa limeshashiba.

SUDI: La kwangu lina njaa, ndiyo maana linashika moja. Mtu mgeni ukimwambia "ngoja, acha moja ipite", anaganda. Nimeona kwa macho yangu, msimamizi wa bibi harusi kasimama kama nguzo ya umeme.

MWANAIDI: Afundishwe kungoja. Anatoa hatua moja ya kushoto pembeni kwenye moja ili apate pa kuanzia, halafu mbili hiyo anaingia. Dakika tano tu.

SUDI: Harusi ni Jumamosi, dada.

MWANAIDI: Na mashindanoni majaji wanakuona ukiwa nje ya mapigo.

SUDI: Ukumbini hakuna majaji, kuna wajomba! Halafu sikia hii. Juzi nikasimama katikati makusudi, kimya, nimtege. Yule mama akamalizia mwenyewe. Go-go-go.

MWANAIDI: Muongo wewe!

SUDI: Wallahi! Asubuhi nakutana naye kwenye korido, ananiangalia miguu badala ya kuitikia salamu.

MWANAIDI: Mpeleke yeye ukumbini basi, wewe ubaki unadeki.

SUDI: Nitamwalika. Na ataanzia moja.

MWANAIDI: Mbili.

SUDI: Moja.

MWANAIDI: Wasikilizaji tuliwaahidi kiuno, kugeuka, na namna ya kumwongoza mwenzako bila kumvuta mkono. Hatujagusa hata kimoja, na wale wa kipindi cha mpira wako mlangoni.

SUDI: Kiuno basi, haraka.

MWANAIDI: Kiuno usikitikise. Goti la mguu uliobeba uzito likinyooka, nyonga inakwenda yenyewe. Vihatua viwe vidogo, maana ukitanua miguu...

SUDI: Kaka, tunatoka! Msigonge, tumesikia!

MWANAIDI: Ona, hata hao wamegonga kwenye mbili.

SUDI: Kwenye moja, dada. Zima maiki.